Mipira Mitatu Niliyomrushia Shangazi

Harufu ya tope la mafuriko linapoanza kukauka haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Wiki ya kwanza linanuka samaki na majani yaliyooza. Wiki ya pili linanuka kama chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Jua likishapiga siku nyingi na ardhi ikapasuka vipande vipande, inabaki harufu kavu, tamu kidogo, iliyochanganyika na moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani. Katika kijiji chetu, mwendo mfupi kutoka Golbanti, harufu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuambia kwamba msimu wa mpira umefika. Sisi wasichana wa shule ya misheni tulitoka na majembe, tukavunja mabonge ya tope kwenye uwanja uliokuwa kati ya shule na mto, kisha tukaukanyagakanyaga kwa miguu mitupu huku tukiimba, mpaka nyayo zikawaka moto. Jioni yake nguzo nne zilisimamishwa. Nilicheza misimu mingi pale, lakini karibu yote imechanganyika kichwani mwangu kama nafaka za kapu moja. Mmoja tu, wa katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, umesimama peke yake, na kila nikiukumbuka natamani ningekuwa na homa siku ile nikalala ndani.

Mchezo wenyewe uliletwa na mwalimu mmoja wa kike wa Kizungu, miaka mingi kabla sijazaliwa. Alikwisha kurudi kwao zamani, na jina aliloliita mchezo huo alikwenda nalo. Sisi tuliuita mpira wa rungu. Mrushaji alisimama katikati, akamrushia mpigaji aliyeshika rungu kwenye nguzo ya kwanza. Mpigaji akiupiga, alikimbia kuzunguka nguzo huku wenzake wa upande wa pili wakiukimbilia mpira. Wengi walifika nguzo ya pili wakasimama hapo. Lakini ukiupiga mbali sana, ukazizunguka nguzo zote nne ukarudi ulipoanzia kabla mpira haujarudishwa, huo uliitwa mzunguko mzima, na ndio uliokupa jina. Wavulana walikuwa na kandanda yao upande wa kanisa na hawakutujali. Mpira wa rungu ulikuwa wa wasichana, na msichana aliyejua kupata mizunguko mizima alitajwa katika vijiji vyote vya ukingo wa mto mpaka Chara.

Tena ulikuwa mchezo wenye mabishano yasiyokwisha. Wanawake waliocheza enzi za mwalimu yule walikuwa sasa watu wazima wenye watoto migongoni, lakini hawakukubali kwamba sisi tunajua kupiga. Wakati wao, walisema, mpira ulifinyangwa kwa utomvu wa mmea wa porini, ukawa mzito kama ngumi ya mwanamume, na rungu lilikuwa mpini wa kafi lililovunjika, basi. Wetu ulikuwa wa matambara yaliyoshonwa juu ya kipande cha raba, na rungu letu lilichongwa na fundi seremala likapigwa msasa. Sisi tuliwajibu kwamba mpira wao wa utomvu ulikuwa unadunda wenyewe hata usipopigwa, na kwamba warushaji wao walikuwa wakirusha polepole kama wanaomrushia kuku mtama. Mabishano hayo yalifanyika mtoni tukifua, yalifanyika kinuni, yalifanyika hata nje ya kanisa Jumapili. Na kila mara yaliishia kwenye jina moja, jina la mtu aliyekuwa akiishi nyumbani kwetu.

Shangazi Rebeka alikuwa dada yake Baba. Aliolewa akiwa msichana, akakaa na mumewe miaka sita bila kupata mtoto, akarudishwa. Mwaka aliorudi ndio mwaka mama yetu alipofariki, mimi nikiwa na miaka miwili, dada yangu Habona ana sita. Kwa hiyo alipofika na sanduku lake la bati alikuta nyumba yenye watoto wawili wasio na mama, na hakuuliza mtu. Aliweka sanduku pembeni akaanza kuchemsha uji. Sikuwahi kumjua mama mwingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana, mpole wa maneno, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba huyu anayetupakulia samaki sahanini ndiye Rebeka yule wa mabishano, Rebeka aliyepiga mpira ukavuka mto. Ndivyo walivyosema waliokuwepo. Walisema mwaka mmoja wa kiangazi mpira uliondoka kwenye rungu lake ukapita juu ya uwanja, ukapita juu ya maji, ukaangukia ng'ambo kwenye migomba ya watu. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Tukimwuliza, alicheka tu akasema, "Mambo ya zamani hayo," akaendelea na kazi.

Habona alikuwa mpigaji wa wakati wetu. Sisemi hivyo kwa sababu ni dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mikono mirefu kama ya shangazi, na namna ya kusimama kimya kabisa akisubiri mpira, hata nzi akimtua usoni hatikisiki. Mimi nilikuwa mrushaji wake. Jioni nyingi tulibaki wawili uwanjani, mimi nikirusha, yeye akipiga, mpaka bega langu likafa ganzi. Kwa kumrushia yeye nilijifunza kuupeleka mpira popote ninapotaka: kwenye goti, kwenye kiuno, juu ya bega. Wasichana wakubwa kuliko mimi waliniomba niwarushie, na nilijivuna. Lakini kila Habona alipopata mzunguko mzima, kila uwanja ulipolipuka kwa vigelegele, palikuwa na mwanamke mmoja pembeni wa kusema, "Si mbaya. Lakini ungemwona shangazi yako." Nilimwona dada akimeza maneno hayo mwaka hadi mwaka, na sikujua yalikuwa yanakwenda kukaa wapi ndani yake.

Yalitoka siku moja kinuni. Shangazi na Habona walikuwa wakitwanga mpunga pamoja, michi ikipokezana, na jirani yetu mmoja, Mama Yona, akipepeta karibu yao. Mama Yona akamsifu Habona kwa pigo la juzi, kisha, kama kawaida, akaongeza kwamba bado halijafika mto. Habona akaacha mchi wake.

"Shangazi," alisema, "njoo uwanjani tupige wote wawili, yaishe."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nilipiga mpira wangu, na wewe piga wako."

"Unaogopa."

"Haya, naogopa," Shangazi alisema, akaendelea kutwanga peke yake. Hapo ndipo Habona aliposema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyakumbuka bila kuinamisha kichwa. Alisema, "Si ajabu. Mtoto huna, mume huna, una hilo pigo tu. Likichukuliwa utabaki na nini?"

Mama Yona alisimamisha ungo wake hewani. Shangazi hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Aliumalizia mpunga uliokuwa kinuni, akaukusanya, akaufunika. Kisha akasema kwa sauti ile ile aliyotuitia chakula, "Jumamosi alasiri. Mipira mitatu kila mmoja. Nitashona mpira mpya mwenyewe."

Ni mimi niliyemsaidia kuushona, na hapa lazima niseme jambo nililolijua peke yangu. Tangu mwaka uliotangulia Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho katika jicho la kushoto. Ukimtazama kwa mbali hukuona kitu, lakini ukikaa karibu naye mchana uliona ukungu mweupe juu ya mboni. Hakumwambia Baba, kwa sababu Baba angehangaika kumpeleka mbali hospitalini na mashamba yalikuwa hayana mtu. Aliniambia mimi tu, kwa sababu alinihitaji. Mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano. Mimi ndiye niliyechagua mawe kwenye mchele. Tukitembea njiani nilikaa upande wake wa kushoto, na mtu akitokea upande huo nilimbonyeza mkono aweze kugeuka na kusalimia. "Wewe ndiye jicho langu, Naomi," alikuwa akiniambia, na nililibeba neno hilo kwa fahari. Alhamisi ile tulikaa barazani, nikatunga uzi, akashona turubai juu ya matambara kwa kupapasa kwa vidole, na kila mshono ulikuwa sawa na mwenzake.

Nilimwuliza, "Utauona mpira?"

"Ukija mbele yangu nitauona. Upande huu," aligusa shavu la kushoto, "ni giza. Lakini nitageuza uso." Akacheka. "Usimwambie mtu. Asije akanihurumia."

Jumamosi asubuhi nilikuwa na Habona shambani, tukifukuza ndege kwenye mpunga wa mwisho. Hakuwa amelala vizuri. Macho yalikuwa mekundu, na alinieleza mambo ambayo dada mkubwa hamwelezi mdogo wake. Ulikuwa msimu wake wa mwisho. Baba alikwisha kuzungumza na watu wa Tarasaa, na baada ya mwaka angeolewa, na wanawake walioolewa hawakucheza. Alisema alijuta kwa maneno ya kinuni lakini hakujua jinsi ya kuyarudisha. Alisema, "Nikishindwa leo, mpaka nakufa nitaitwa binti wa nduguye Rebeka. Sina lingine la kukumbukwa." Akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu tulipokuwa wadogo kabisa. Hakuniomba nifanye lolote, na nataka hilo lieleweke. Alisema tu, "Niombee," akajifuta uso kwa kanga, akaendelea kupiga debe ndege waruke. Mimi nilibaki nimesimama na kombeo mkononi, na wazo likanijia zima, kama mtu aliyeniita kwa jina.

Alasiri kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Wanaume waliosema mpira wa rungu ni wa watoto walikuja na vigoda. Walikuja watu wa Golbanti, na wachungaji wawili wa Kiorma waliokuwa wakinywesha ng'ombe waliegemea fimbo zao wakatazama. Shangazi alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kitambaa kichwani, na aliposhika rungu, akalipima uzito, akalizungusha mara moja, wanawake wa rika lake walipiga vigelegele mpaka baadhi yao wakatoa machozi. Walikuwa wakijiona wenyewe pale. Yeye ndiye aliyeanza, kwa kuwa ni mkubwa, mimi nikiwarushia wote wawili. Alisimama akageuza uso wote kunitazama, kama alivyoniambia, jicho zima likiwa mbele, na akanipa tabasamu dogo ambalo lilikuwa langu peke yangu.

Niliurusha wa kwanza juu, utokee upande wa bega lake la kushoto. Ulikuwa mpira halali kabisa. Hakuna mtu ambaye angeweza kunilaumu. Ulimfikia akiwa bado anautafuta, akazungusha rungu amechelewa, likakata hewa. Watu wakasema "Aaa!" kwa upole, kama wanaomwambia ajaribu tena. Aliurudisha mpira kwangu mwenyewe, kwa mkono. Wa pili niliupeleka pale pale. Safari hii hakuzungusha. Alisimama tu, mpira ukampita karibu na shavu, na nikaona uso wake ukibadilika. Haukukasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia habari ya msiba na bado anatafuta mahali pa kukaa. Kicheko kikaanza nyuma, kwa wavulana. Ningeweza kuurusha wa tatu kiunoni, mbele, mahali ambapo angeuona. Mkono wangu ulijua njia zote mbili. Nilimtazama Habona, aliyekuwa amejishika mdomo, nikaurusha wa tatu kwenye giza. Shangazi alizungusha kwa nguvu zake zote pasipokuwa na mpira, akapepesuka, akapiga goti chini. Hapo ndipo kicheko kilipotapakaa kila upande.

Aliinuka akajifuta vumbi. Aliniletea rungu mimi, si Habona, akalisimamisha mbele yangu. "Mkono wako umekuwa mzuri," alisema taratibu, nikasikia mimi tu.

Kisha akaja Habona. Mpira wa kwanza aliukosa, wa pili ukaenda pembeni. Wa tatu niliurusha kiunoni, mahali anapopenda. Nilisikia mlio kabla ya kuona kitu, mlio mkavu kama tawi linalovunjika, na mpira ukanipita juu ya kichwa ukiwa bado unapanda. Niligeuka. Ulikuwa mdogo, mweupe, ukazidi kuwa mdogo, ukapita juu ya watu wa ukingoni waliokuwa wakiinua nyuso, ukapita juu ya maji yaliyokuwa yamepungua kwa kiangazi, na ng'ambo ya pili, kwenye mchanga chini ya mikindu, niliona vumbi dogo likiruka mahali ulipoangukia. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Na pale pale, watu wote wakipiga kelele, nikajua kwamba hakuhitaji msaada wangu hata kidogo.

Walimbeba Habona mabegani mpaka nyumbani. Shangazi alipika kama siku zote, akatupakulia, akamwambia Habona, "Hongera, mwanangu." Siku ya pili yake niliingia ndani nikamkuta ana shati la Baba mapajani na sindano mkononi, anajaribu kutunga uzi. Nilinyoosha mkono kumsaidia. Alinitazama kidogo, kisha akamwita mtoto wa Mama Yona aliyekuwa akipita njiani, akampa yeye ile sindano. Hakuniambia neno baya. Hakuwahi kuniambia neno baya. Lakini tangu siku hiyo hakuniomba kitu tena, na njiani aliniweka upande wake wa kulia, ule aliouona mwenyewe. Baada ya wiki tatu alimwambia Baba kwamba anakwenda kukaa kwa mjomba wao Chara, kusaidia mavuno, na Baba akalitia sanduku lile la bati kwenye mtumbwi. Mavuno yakaisha. Mvua zikaja. Hakurudi.

Nilimwambia Habona wakati wa mvua, kwa sababu nilishindwa kula. Tulikuwa jikoni, maji yakidondoka kwenye makuti. Nilimwambia yote: jicho, uzi, mipira mitatu. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliuliza, "Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Ulidhani siwezi kumshinda?"

"Ulilia, dada."

"Nililia, ndiyo! Si ungelia na mimi basi! Umetunyang'anya sote wawili, Naomi. Yeye umemwaibisha, na mimi umenichukulia ushindi wangu. Sasa nitajuaje?" Alisimama, akachukua rungu lililokuwa limechomekwa darini, akalisukuma kwenye moto chini ya sufuria. Lilikuwa la mti mgumu. Lilichukua jioni yote kuungua, na hakuna kati yetu aliyeliondoa.

Maji yalipopungua Habona alinishika mkono akanipeleka Chara. Baba alidhani tunakwenda kumjulia Shangazi hali tu. Tulimkuta nyuma ya nyumba ya mjomba, ameketi kwenye mkeka akichambua kunde, na kabla hatujasema neno nilijua, kwa jinsi alivyoinua uso kuelekea kwenye mlio wa nyayo zetu badala ya kutuelekea sisi, kwamba jicho la pili nalo lilikuwa linakwenda. Habona alipiga magoti, akaomba radhi kwa maneno ya kinuni. Shangazi akampapasa kichwa. Kisha nikapiga magoti mimi, nikasema niliyofanya.

"Nilijua," alisema. "Wa kwanza nilidhani umekosea. Wa pili nikajua."

"Kwa nini hukusema?" Habona aliuliza.

"Niseme nini mbele ya watu? Kwamba sioni? Au kwamba mtoto niliyemwonyesha mahali nisipoona ndiye aliyenipigia hapo?" Vidole vyake viliendelea na kunde. "Sikuumia kwa kushindwa, wanangu. Kushindwa si kitu."

Habona alimwomba arudi nyumbani. Alikataa kwa upole, akasema Chara panamfaa, wajukuu wa mjomba ni wengi na hawachoki kutumwa. Alisema, "Pale nyumbani nitakuwa nahesabu hatua zangu. Nitakuwa nasikiliza nani yuko upande gani. Siwezi tena." Kisha, kama anayetaka kutuondolea uzito, akamgeukia Habona. "Lakini nimekuwa nikitaka kukuuliza. Nilisikia watu wakipiga kelele siku ile, ila ng'ambo sikuona kitu. Mpira wako ulikwendaje?"

Habona alisema, "Sijui, Shangazi. Nilikuwa nakimbia."

Shangazi alicheka, kicheko chake cha zamani, cha kweli. "Hata mimi! Wa kwangu sikuuona. Miaka yote hii wananiambia ulivuka, nami naitikia, lakini nilikuwa nimeinamisha kichwa nakimbia nguzo. Nilipomaliza nikakuta watu wananirukia." Kisha akasema, bila kunigeukia, "Naomi alikuwa amesimama. Naomi aliona. Aseme yeye."

Basi nilisema. Nilimweleza mlio wa rungu, jinsi mpira ulivyonipita ukiwa unapanda, jinsi watu wa ukingoni walivyoinua nyuso mmoja mmoja, jinsi ulivyopita juu ya maji, na vumbi lile dogo chini ya mikindu. Nilimweleza polepole, nisiache kitu, nilivyokuwa nikimweleza kila kilichokuwa upande wake wa kushoto njiani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vimetulia juu ya kunde, na nilipomaliza alisema, "Mzuri. Mzuri sana." Habona alikuwa akilia kwa sauti. Mimi nilingoja. Nilingoja Shangazi aninyooshee mkono, hata kidogo tu, na sijui kama aliusahau au alishindwa. Mjomba alikuja kutuita, mtumbwi ulikuwa unaondoka. Hatukumwona tena. Alifariki msimu wa mvua uliofuata, na habari zilitufikia akiwa tayari amezikwa.

Habona aliolewa Tarasaa kama ilivyopangwa, akazaa watoto saba, akawa na duka dogo la nguo. Alinipenda mpaka mwisho, najua, lakini hakuniambia tena nimwombee kwa lolote, na katika miaka yote ile hatukuutaja mchezo ule hata mara moja. Nilimzika miaka michache iliyopita. Mto nao umekwisha kuhama; ulikata njia nyingine wakati wa mafuriko makubwa, ukauchukua uwanja na nusu ya mahali shule ilipokuwa, na ukiwauliza vijana wa sasa wapi palikuwa ng'ambo, hawaelewi swali.

Mjukuu wangu anayesoma Malindi alikuja likizoni mwezi uliopita. Kwenye simu yake anatazama mchezo wa nchi za mbali unaoitwa besiboli, wanaume wenye kofia wanaopiga mpira kwa rungu na kuzunguka vituo vinne. Nilimwomba aisogeze karibu. Alinieleza kwamba yeye na wenzake hubishana hadi sauti zinawakauka: nani alikuwa mpigaji mkubwa kuliko wote, yule wa zamani au huyu wa sasa, maana mipira si ile ile, viwanja si vile vile, na warushaji wa leo ni wakali zaidi. Lakini wenzetu wana picha, alisema, na hesabu za kila pigo, kwa hiyo angalau wana pa kuanzia. Alinionyesha mmoja akipiga, kisha akairudisha picha nyuma, mpira ukaruka tena, na tena, hivyo hivyo, mara tatu. Nilimwambia sisi pia tulikuwa na wapigaji wawili wa namna hiyo, dada yangu na shangazi yangu, na kwamba mapigo yao yote mawili yalivuka mto. Akaweka simu chini, akaniuliza kwa hamu ya kweli, "Bibi, na kati yao nani alikuwa zaidi?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia kwamba palikuwa na siku moja tu ambayo ingeweza kutuambia, watu wote wakiwa wamekusanyika kuona, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mpira.